Kamera ndogo ya gari kwa dereva wa Nairobi: kuichagua, kuifunga na kuitumia

Ukigongwa Nairobi, ugomvi wa kwanza hauwi nani atalipa, huwa nani alikuwa leni gani. Matatu imekuingilia pale raundiabauti ya Globe, bampa imening'inia, na kabla hujafungua mlango makanga ameshateremka, anawaeleza wapita njia jinsi wewe ulivyowakata. Dereva wake ataruka kimanga. Abiria wana haraka zao, na wale mashahidi waliokuwa wamejaa watayeyuka polisi akitokea. Kamera iliyobandikwa nyuma ya kioo cha ndani hurudisha gharama yake hapo, kwa sekunde kumi tu za picha.

Mwongozo huu ni wa mtu wa kila siku: kazini, kuwaacha watoto shuleni, sokoni, mashambani mwisho wa wiki. Haumhusu anayetaka video za kupendeza za safari. Ukishajua unatafuta ushahidi na si burudani, mambo mengi yanayoandikwa kwenye boksi hutayahitaji. Kamera zenyewe siku hizi zinakaribiana sana. Yanayowaangusha watu ni memori kadi, saa isiyo sahihi na mahali kamera ilipobandikwa, kwa hiyo hayo ndiyo nitakayoyakalia zaidi.

Hatua ya 1: Angalia kama gari lako tayari lina kamera

Magari yetu mengi yametoka Japani, na baadhi hufika Mombasa na kamera ya mwenye gari wa kwanza ikiwa bado kiooni. Watu hufurahi, wakaiacha hapo hapo. Shida ni kwamba menyu huwa ya Kijapani, kadi iliyomo imechoka, na saa yake ni ya Japani, iliyotangulia yetu kwa saa sita. Ajali ya saa nane mchana Jogoo Road itaonekana kwenye video kuwa ilitokea saa mbili usiku, na wakili wa upande wa pili hataacha kitu kama hicho kipite. Ukiweza kubadili saa na kuweka kadi mpya, itumie. Usipoweza, ing'oe, lakini kwanza tazama waya wake ulivyopitishwa, maana Wajapani hufunga kazi safi na njia hiyo unaweza kuifuata. Usichomeke tu kamera mpya kwenye waya wa zamani: baadhi ya nyaya hizo hupeleka volti 12 moja kwa moja, na kamera nyingi ndogo za leo hutaka volti 5.

Hatua ya 2: Chagua kamera

Anza na udogo. Kamera inayojificha nyuma ya kioo cha ndani haikuzibii barabara, na mtu anayechungulia magari yaliyoegeshwa haioni upesi. Mji huu unaong'oa saiti mira na taa mchana kweupe hauhitaji kuonyeshwa kifaa kinachowaka skrini kubwa. Kuna zisizo na skrini kabisa, kama Garmin Dash Cam Mini 2, ambayo ukubwa wake ni kama ufunguo wa gari; kila kitu unakipanga kwa simu. VIOFO A119 Mini 2 ni kubwa kidogo lakini inarekodi kwa 1440p (kadiri namba hiyo inavyokuwa kubwa ndivyo picha inavyokuwa kali). 70mai nazo zimeenea. Siwezi kukwambia hii ndiyo bora kuliko zote, ila ninaweza kukwambia mambo ya kuuliza dukani.

La kwanza ni pikseli halisi. Picha ya 1080p inahitaji pikseli milioni mbili, na ya 4K inahitaji milioni nane. Muulize muuzaji kihisi cha ndani, yaani sehemu inayonasa picha, ni kipi, au usome kwenye boksi. Sony IMX307 ni cha pikseli milioni mbili, IMX335 milioni tano, IMX415 na IMX678 milioni nane. Ukiona boksi limeandikwa 4K kwa herufi za dhahabu, halafu kihisi ni IMX307, hiyo ni 1080p iliyovutwa ikanenepeshwa. Usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Kwa maoni yangu 1440p ndiyo inayomtosha dereva wa mjini: namba ya gari inasomeka vizuri kuliko 1080p, na faili hazijazi kadi kama za 4K.

Upana wa lenzi nao una mtego. Muuzaji atasifu nyuzi 170, lakini kadiri lenzi inavyotanuka ndivyo gari lililo mbele linavyokuwa dogo kwenye picha, na namba yake nayo. Nyuzi 130 hadi 140 zinakutosha kuona leni yako na zile mbili za pembeni.

Swali la tatu ndilo watu wasilouliza: ndani kuna betri au kapasita, yaani kile kidude kinachoshika umeme kidogo badala ya betri? Nairobi iko juu, kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake si ya joto kali. Lakini gari lililofungwa kwenye jua la Februari pale uwanjani ni kitu kingine, na kamera imegusana na kioo chenyewe. Betri ndogo ya lithiamu hufura ikipashwa hivyo kila siku, mpaka kamera ikatae kuwaka. Kapasita huvumilia. Ukiwa mtu wa kuteremka Magadi au Mombasa, usinunue yenye betri.

GPS ni nzuri kwa sababu moja kubwa: hurekebisha saa yenyewe. Pia huandika kasi, na hapo ujue unajishuhudia mwenyewe. Ndani ya mji kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Ukigongwa ukiwa 78, video yako itasema 78.

Pale Luthuli Avenue au River Road usikubali kuonyeshwa picha kwenye skrini ya kamera. Omba iwashwe kwa pawabanki, simama mlangoni, rekodi dakika mbili za magari yanayopita, kisha utazame faili hilo kwenye kompyuta. Jaribu kusoma namba za magari. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo amekwisha kukujibu.

Hatua ya 3: Memori kadi

Hapa usibane pesa. Kadi ya kawaida ya simu huandikwa mara chache na kusomwa mara nyingi. Ya kamera ya gari huandikwa muda wote injini ikiwaka: ikijaa, faili la zamani kabisa linafutwa na jipya linachukua nafasi yake. Kadi ya kawaida huchoka kimyakimya chini ya kazi hiyo, kamera inaendelea kuwasha taa yake, nawe unagundua siku ya ajali kwamba video ya mwisho ni ya miezi miwili iliyopita.

Tafuta kadi iliyoandikwa neno Endurance, kama SanDisk High Endurance au Samsung PRO Endurance, yenye alama ya kasi ya kuandika ya U3 au V30. Kuhusu ukubwa, video ya 1080p kwa kawaida hula takriban GB 7 kwa saa, kwa hiyo kadi ya GB 64 inabeba kama saa nane au tisa. Ya 4K hula mara mbili ya hapo au zaidi. Kwa mtu anayekaa kwenye foleni ya Mombasa Road asubuhi na jioni, GB 128 humpa siku kadhaa kabla ya kufutiwa, na huo ni muda wa kutosha kugundua mkwaruzo uliokuwa hujauona. Lakini kwanza soma kwenye kijitabu cha kamera ukubwa wa mwisho inaoukubali.

Kadi bandia zimejaa mjini. Nje imeandikwa 128, ndani ni 16, na inakudanganya mpaka ijae. Kabla ya kuitia kwenye kamera, ipime kwa kompyuta: programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, huijaza kadi yote kisha ikasoma ilichoandika. Huchukua muda, kwa hiyo iache usiku kucha. Ikifeli, irudishe dukani ukiwa na risiti.

Hatua ya 4: Kubandika na kupitisha waya

Sisi huendesha upande wa kushoto na usukani wetu uko kulia, kwa hiyo mahali pa kamera ni nyuma ya kioo cha ndani, upande wa abiria. Ukiwa kwenye kiti chako usiione kabisa, au uone ukingo wake tu. Hakikisha iko ndani ya eneo linalofagiliwa na waipa, la sivyo wakati wa mvua ya masika utarekodi matone. Usiibandike kwenye vile vidoti vyeusi vya juu ya kioo, kwa maana gundi haishiki vizuri hapo. Na kama gari lako ni la miaka ya karibuni lenye kamera ya kiwanda ya kusaidia breki nyuma ya kioo hicho, usiikaribie hata kwa waya.

Safisha kioo kwa spiriti, kikauke, bandika kishikio, bonyeza nusu dakika bila kukitikisa. Iache gundi ishike hadi kesho yake ndipo utundike kamera. Kishikio cha kunyonya kioo sikipendi: huanguka kikipata joto, na ukikitoa huacha duara linalomwambia mwizi kuna kitu kwenye dashibodi.

Sasa waya. Kutoka kwenye kamera, usukume kwa kidole ndani ya upenyo kati ya dari na kioo, ukielekea kushoto, mpaka kwenye nguzo ya upande wa abiria. Hapa polepole. Magari mengi yana mfuko wa hewa (airbag) uliokunjwa ndani ya plastiki ya nguzo hiyo. Waya ukipita mbele ya mfuko, siku mfuko utakapofumuka, waya unaweza kuuzuia au kurushwa usoni mwa abiria. Vuta kidogo raba ya mlango, uone mfuko ulipo, upitishe waya nyuma yake. Ukishafika chini, pitia chini ya kabati la dashibodi hadi kwenye soketi ya sigara. Waya unaobaki ukunje na uufunge huko chini, usiuache ukaning'inia miguuni.

Tumia chaja iliyokuja na kamera. Chaja za bei ya chini zinazouzwa kwenye foleni huifanya redio ianze kukoroma, na nyingine hazitoi umeme wa kutosha, kamera ikawa inazima na kuwaka. Halafu jaribu: zima gari, toa ufunguo, uone kama kamera imezima. Kuna magari ambayo soketi yake haizimi.

Vipi kuhusu kurekodi gari likiwa limeegeshwa? Itabidi waya wa kamera uunganishwe kwenye kisanduku cha fyuzi kwa kifaa maalumu kinachokata umeme betri ikishuka, tuseme volti 12.2. Fundi wa umeme wa magari pale Grogan ataifanya kazi hiyo, ila simama uone anachukua umeme kwenye fyuzi ipi. Usikubali fyuzi ya mfuko wa hewa wala ya breki, na usikubali achune waya aufunge kwa selotepu. Kwa wengi wetu sioni haja yake. Kamera ya wati nne kwa usiku wa saa 12 hula kama ampea-saa nne, na betri ndogo ya NS40 katika gari linaloenda safari fupi za foleni haitajazika tena vizuri. Wenye magari ya haibridi kama Aqua na Prius wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa betri yao ya volti 12 ni ndogo. Ukilala kwenye mtaa wenye geti na askari, acha. Ukiegesha barabarani, fanya.

Hatua ya 5: Mipangilio

Kamera nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangiwa nchi nyingine. Weka saa za Afrika Mashariki, yaani UTC+3. Weka masafa ya umeme 50 Hz, kwa kuwa umeme wetu ni huo. Ukiacha 60, taa za barabarani za LED zitakuwa zikipepesa kwenye video, na siku hiyo ubishi ukiwa ni taa ilikuwa nyekundu au kijani utajuta. Vipande vya video viwe vya dakika moja au tatu. Badili nenosiri la Wi-Fi ya kamera, kwa sababu lile la kiwandani huwa 12345678 na kila mtu analijua.

Kihisi cha mtikisiko kishushe hadi chini. Kazi yake ni kufunga faili lisifutwe gari linapogongwa, lakini hakijui tofauti ya kugongwa na tuta. Ukikiacha juu, kila tuta la mtaani na kila shimo la Industrial Area litafunga faili, mpaka kadi ijae faili zilizofungwa na kamera ikose pa kuandika. Ukigongwa kweli kweli hata kihisi kilichoshushwa kitajua. Kwa mkwaruzo mdogo kuna kitufe cha dharura. Kijue kilipo bila kutazama.

Maikrofoni iache wazi ukiwa peke yako. Usiku, taa za gari zinapoipiga namba moja kwa moja, hata kamera ya bei kubwa hugeuza namba kuwa ukungu mweupe. Dawa yake ni mdomo: gari likikugonga likaingia mitini, taja namba yake kwa sauti, rangi na lilikoelekea. Sauti yako itakuwa kwenye faili lile lile, na saa yake.

Ukibeba wateja kwa programu za teksi, mambo hubadilika. Katiba, kifungu cha 31, inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haimgusi sana mtu anayetumia data kwa shughuli zake binafsi za nyumbani. Biashara si shughuli ya nyumbani. Elekeza kamera barabarani tu, zima sauti, au uwaambie abiria wazi kabla ya safari kwamba wanarekodiwa. Hata usiyebeba wateja, kumwanika mtu mtandaoni kwa namba na sura yake ili watu wacheke ni kujitafutia kesi kwa bure.

Hatua ya 6: Mazoea

Hapa hakuna mengi. Ukiwasha gari, tupia macho taa ya kamera. Mara moja kwa wiki toa video ya jana uitazame kidogo, uone saa, uone picha. Mara moja kwa mwezi hamisha unachotaka, kisha ufomati kadi ndani ya kamera yenyewe, si kwenye kompyuta. Futa kioo kwa ndani pia. Ule utando wa mafuta unaotoka kwenye plastiki za dashibodi huharibu picha za usiku kuliko kamera ya bei ya chini. Usiguse simu kutazama video ukiwa unaendesha.

Kwenye lango la kambi ya jeshi au ubalozi, ukiombwa uzime, zima. Polisi wa trafiki akikusimamisha, kamera iendelee na kazi yake ya kutazama barabara, wala usimwonyeshe kidole ukisema anarekodiwa. Hujamsaidia yeye wala hujajisaidia.

Hatua ya 7: Ukigongwa

Simama. Sheria ya Trafiki inakutaka usimame na, ajali ikiwa ya kuripotiwa, ufike polisi haraka iwezekanavyo, kwa vyovyote ndani ya saa 24. Bonyeza kitufe cha dharura. Piga picha za magari yalivyo kwa simu kabla hayajasogezwa, maana watu watakupigia kelele uondoke njiani. Na kamera usiitaje. Umati ukianza kujaa na makanga akajua ushahidi uko wapi, kamera inaweza kutoweka kabla ya afisa kufika. Sema unayotaka kusema ukiwa kituoni.

Ukishakuwa mahali salama, zima kamera, toa kadi, weka nyingine. Kadi ile ukiitia kwenye adapta ya SD, kuna kiswichi kidogo ubavuni. Kisukume hadi upande wa kufunga ili kompyuta isiweze kuandika chochote juu yake. Nakili faili zima, pamoja na lililotangulia na lililofuata, bila kukata na bila kubadili jina. Usilitume kama video ya kawaida ya WhatsApp, kwa sababu itabanwa na namba za magari zitapotea. Litume kama dokumenti, au ulipeleke kwa flashi.

Kituoni andikisha kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, utaje kwamba una video, na uhakikishe imeandikwa. Baadaye utahitaji abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wao wa ajali, kwa ajili ya bima. Mpe wakala wako abstrakti na flashi kwa pamoja, na barua fupi inayotaja dakika na sekunde ya mgongano, kwa sababu hakuna mtu ofisini atakayekaa kutazama foleni yako ya nusu saa.

Kesi ikifika mahakamani, Sheria ya Ushahidi inaikubali video: kifungu cha 78A kinahusu ushahidi wa kidijitali, na 106B kinataka cheti kinachoeleza rekodi ilitokana na kifaa gani na ilitolewaje, kikiwa kimetiwa sahihi na mwenye dhamana ya kifaa hicho. Huyo ni wewe. Wakili atakiandaa, lakini yatakayojazwa yatatoka kwako: aina ya kamera, namba yake ya kiwandani, siku uliyotoa kadi, nani ameishika tangu hapo. Yaandike siku ile ile. Afisa akiomba video, mpe nakala. Akiitaka kadi yenyewe, iandikwe kwenye OB kwa namba zake, na uondoke na karatasi mkononi.